Shimo kwenye Shamba la Sabina

Brandon, Manitoba, Kanada
14 Agosti 2023

Mjomba wangu Gasper,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima pamoja na mkaza-mjomba Lois. Mimi mzima, ila midomo imepasuka kwa upepo. Huku hakuna mlima wala kichaka cha kuuzuia, ni nyasi na ngano mpaka jicho linachoka.

Kwanza, asante sana kwa korosho. Yule mwanafunzi wa Masasi alinifikishia, nikazificha chini ya kitanda, na bado wenzangu wamezila. Najua tangu ule ugonjwa wa masikio simu kwako ni kelele tu. Basi nimeamua sitakuagizia maneno kwa mtu, nitakuandikia mwenyewe.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, maana uliuliza ninasomea nini na nikakujibu "udongo", ukacheka. Tunachimba shimo kufika kifuani. Upande mmoja tunaukwangua kwa kisu mpaka unakuwa ukuta, halafu tunausoma ukuta kutoka juu kwenda chini. Jumatatu tulichimba kwa mzee mmoja, Charles, anayelima ngano shamba la babu yake. Mjomba! Tabaka la juu ni jeusi tii, kina chake ni zaidi ya shubiri. Ukilishika linavunjika punjepunje, halinati mkononi wala halimwagiki kama mchanga wetu. Chini yake ni kahawia. Chini kabisa ni kijivu chenye madoa meupe ya chokaa, na ukilidondoshea tindikali linatoa povu. Nilipiga kelele, mwalimu wangu akacheka mpaka akakaa chini.

Udongo nao una koo zake. Ukoo wa huu unaitwa chenozemu, jina la Warusi, maana yake ardhi nyeusi. Ndani ya ukoo kuna matumbo, yaani matawi, kama kwetu: tumbo la kahawia liko kukavu zaidi, tumbo jeusi liko mvua inakotosha. Weusi wenyewe ni mizizi ya nyasi iliyooza kwa maelfu ya miaka, na baridi ikaizuia isiishe yote. Halafu kila aina hupewa jina la kijiji ilipochimbwa kwanza.

Ningekufungia hata kikombe kimoja, ila udongo hauruhusiwi kuvuka mipaka. Sijapata kuona udongo mzuri namna hii tangu nizaliwe.

Nisalimie wote, na mikorosho ya mama.

Mpwa wako,
Veridiana

*

Kitangari, Newala
1 Oktoba 2023

Veridiana mpwa wangu,

Marahaba, marahaba sana. Barua yako nimeichukua jana posta Newala, nikaanza kuisoma nimesimama dirishani, karani akaona foleni haisogei akanipa kiti. Nimeisoma tena kwenye gari, na jioni nikamsomea Lois. Anakusalimu na anasema hizo korosho ulipaswa kuzila, si kuzilaza. Mabibo mwaka huu yameanguka mengi mpaka mbuzi wanalewa. Kwaya ya kanisani imepata msimamizi mpya, kijana, anataka tuimbe kwa kuyumba. Mimi siyumbi.

Tunakushukuru kwa kutukumbuka. Wengine wakivuka bahari wanasahau hata njia ya kwenda kisimani.

Kwa hiyo wewe unasoma ukuta wa shimo. Sisi tuliouza mbuzi ukasome, tulidhani utasoma vitabu. Haya. Na kwamba hujapata kuona udongo mzuri namna hiyo tangu uzaliwe, nimekuelewa. Mimi nimezaliwa juu ya huu mwekundu, na mama yako vilevile.

Kuna neno. Ni kuhusu lile shamba la marehemu dada yangu Sabina, alilokuachia wewe, nami nikalishika mkononi. Mikorosho inazaa, sina la kusema. Karanga za chini yake hazikuwa nyingi mwaka huu. Kwetu mjomba halisogezi shamba la dada yake bila neno la mtoto wa dada, unajua hivyo. Sisemi kulisogeza wapi. Nauliza tu: nikiona mbele yangu jambo jema, neno lako ni lipi?

Usichelewe kujibu, mvua haisubiri posta.

Mjomba wako,
Gasper

*

Brandon
19 Novemba 2023

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imenikuta ardhi imeshaganda, ukipiga sululu inarudi na cheche. Sasa tuko ndani ya maabara, tunachekecha na kupima ule udongo tuliokusanya kiangazi. Mwambie mkaza-mjomba korosho zimekwisha kabisa na nimejuta. Na kijana wa kwaya mpe nafasi, labda kuyumba kunasaidia viungo!

Nakushukuru kwa kuniuliza kuhusu shamba, lakini Mjomba, mimi ni nani wa kukupa neno? Mama alipoondoka nilikuwa darasa la pili. Wewe na mkaza-mjomba ndio mlionipokea, mkanivika, mkanipeleka shule. Neno langu ni hili: fanya unavyoona. Ukiona jambo jema, lifanye.

Juzi mzee Charles alitualika chakula. Alisema mwenye udongo mweusi halali njaa, akagonga meza. Nikakukumbuka wewe, na wewe hugonga meza hivyohivyo.

Mwalimu wangu ananitajia habari fulani kuhusu mwakani. Nitakuandikia ikishakaa vizuri.

Mpwa wako,
Veridiana

*

Kitangari
5 Januari 2024

Veridiana,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya. Krismasi tulikwenda kwao Lois, Lupaso, tukala mpaka aibu. Asante kwa picha yako na theluji. Lois ameiweka kabatini anamwonyesha kila anayekuja kuomba chumvi.

Asante zaidi kwa neno lako. Ulilitoa bila kunizungusha, na mimi nimelifanyia kazi. Unamkumbuka mzee Nurdin, jirani yetu, mume wa Rukaiya? Ana shamba kule bondeni, chini ya mteremko, kwenye mbuga. Udongo mweusi, mwanangu! Mweusi tii, kama ulivyoandika. Miaka yote nimeupita nikienda kuchota maji, sikujua napita juu ya mali. Nurdin magoti yamechoka na ule mteremko, anataka shamba la karibu. Basi tumebadilishana. Yeye amechukua la mama yako hapa juu, mimi nimechukua lake.

Mpaka bado hatujautembea. Tumekubaliana tulime msimu huu kwanza, halafu baada ya mavuno wazee waje, tutembee mipaka yote miwili, na hapo ndipo litakuwa limefungwa. Nimeshapanda mahindi na karanga kule chini. Nurdin alinitazama napanda, akaniombea heri, akaondoka.

Usije ukadhani nimelitupa shamba la dada yangu. Nimelibadilisha na lililo bora. Shukrani ni kwako uliyenifumbua macho.

Mjomba wako mwenye udongo mweusi,
Gasper

*

Brandon
11 Februari 2024

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Mimi tangu juzi silali vizuri. Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye theluji nje ya posta, mpaka mtu akaniuliza kama nimefiwa.

Nilimpigia simu mkaza-mjomba. Akasema, "Hayo ya shamba muulize mwenyewe kwa barua, mimi nimeapishwa." Nikamwomba akwambie usitembee mpaka, akajibu kwamba ulishamwambia mambo ya shamba hayapiti kwenye simu ya mtu mwingine. Mjomba, una mke mwaminifu, ila siku ile nilitamani asiwe.

Kosa ni langu, na nisikilize vizuri. Niliandika kuhusu weusi kana kwamba rangi ndiyo kila kitu. Rangi ni jambo la kwanza tunaloandika, si la mwisho. Weusi wa huku unatokana na mizizi ya nyasi, mboji tupu. Weusi wa mbuga ni jambo jingine. Ule ni mfinyanzi, na hata mboji ikiwa kidogo tu unabaki mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa ambazo mguu wa mbuzi unazama. Masika unavimba, unafunga, maji hayapiti, na mahindi yanasimama na miguu ndani ya maji. Una ukoo wake kabisa, mbali na chenozemu. Watu wawili weusi si lazima wawe ndugu, na sisi ndio wa kwanza kulijua hilo!

Si udongo mbaya. Mpunga unaupenda. Nurdin alikuwa analima nini kule? Sidhani kama ni karanga.

Sasa nakuomba kitu kama mpwa. Kabla ya kutembea mpaka, chimba mashimo mawili, moja bondeni na moja shambani kwa mama. Kwangua ukuta mmoja uusome. Chukua udongo wenye unyevu, uuminye kati ya kidole gumba na cha shahada, uusukume utoke kama utepe. Uone upi unatoka mrefu na upi unakatika. Ukimaliza shimo lifukie, mbuzi asije akatumbukia.

Humu ndani nimeweka karatasi nyembamba za kupimia uchachu. Changanya udongo na maji ya mvua kwenye kikombe, subiri utuame, chovya. Ikiwa nyekundu, udongo umechacha. Ikiwa ya kijani, uko sawa. Pima chini ya mikorosho, na pima mahali pengine pasipo mikorosho. Nina wasiwasi na salfa. Tumeipulizia mikorosho miaka na miaka dhidi ya ugonjwa wa ubwiri, na unga ule wa salfa unaishia chini. Mkorosho wenyewe haulalamiki, unavumilia uchachu. Karanga ndizo zinazolalamika. Kama ni hivyo, shamba la mama halijafa, Mjomba. Linaumwa tu, na dawa yake ipo.

Tafadhali, neno langu la Novemba nalirudisha. Usitembee mpaka.

Veridiana

*

Kitangari
10 Machi 2024

Veridiana,

Hatujambo. Mvua ni nzuri, tunamshukuru Mungu. Lois hajambo, ila amekuwa mwingi wa kuguna. Tumekula ming'oko ya kuchimba porini wiki nzima. Rukaiya ametuletea muhogo mara mbili bila kuombwa, Mungu ambariki.

Barua yako haijafika. Posta wanasema labda imekwama mjini.

Mahindi yapo.

Mjomba wako,
Gasper

*

Kitangari
14 Aprili 2024

Mpwa wangu Veridiana,

Marahaba. Lois anakusalimu, na ninakusalimu mimi niliye hai, maana kwa aibu niliyopata ningekuwa nimeshazikwa.

Barua yako ya Februari imefika baada ya Pasaka. Niliisoma nikanuna. Nilinuna siku kadhaa, sikumsemesha mtu, hata kwaya nikaikosa. Ningewezaje kukuandikia Machi kwamba mahindi yamegeuka njano yakiwa yamefika magotini tu? Karanga zilioza ardhini. Niliandika "mahindi yapo". Ni kweli yalikuwapo.

Basi nikachukua jembe. Kule bondeni nilipochimba, udongo ulilishika jembe nikabaki na mpini, nikaenda chini kwa makalio. Utepe wako ule? Wa bondeni ulitoka mrefu, ukaning'inia, ningeweza kuufunga mzigo wa kuni. Na kabla sijafika kiunoni shimo likajaa maji. Nikaelewa.

Halafu nikapanda juu. Ilibidi nimwombe Nurdin ruhusa ya kuchimba kwenye shamba la dada yangu mwenyewe. Veridiana, lile neno "naomba ruhusa" nililisema nikitazama jembe. Akaniruhusu bila kuuliza sababu, akaleta na koleo lake.

Huu wetu unachimbika kama unga. Ukuta wake ni mwekundu tangu juu hadi chini, juu umefifia kidogo, basi. Mizizi ya mikorosho ya mama yako inashuka mpaka pale nilipoishia, na inaendelea. Utepe ulikatika kabla haujaanza. Hakuna chokaa, hakuna povu la ndimu, maana tindikali sina, nikakamulia ndimu. Nikakaa mle ndani ya shimo nikapumzika. Kulikuwa na ubaridi mzuri. Sikuwahi kukaa ndani ya shamba lile, nimekaa juu yake tu.

Sasa karatasi. Chini ya mikorosho, nyekundu. Chini ya mkorosho mwingine, nyekundu. Kwenye njia, nyekundu hafifu. Halafu nikaenda pale penye kibanda cha msimu wa korosho, kwenye yale mafiga ya mama yako. Unakumbuka? Alipikia pale kila msimu, na Lois amepikia hapohapo miaka yote, majivu anayamwaga nyuma. Nikachovya. Kijani! Aka, nikadhani nimekosea, nikarudia. Kijani. Na palepale nyuma ya mafiga maharage ya Rukaiya yamesimama yamejaa, wakati mengine yote ya shambani yamedumaa. Nilimwita Lois aone. Akasema, "Mimi nilikuwa nachuma kunde nzuri hapo kila mwaka, hukuwahi kuniuliza." Tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki, anatembea kama mkuu wa wilaya.

Jioni nikaenda kwa Nurdin. Nikamwambia yote, barua yako nikamsomea. Akasikiliza, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka Rukaiya akatoka jikoni. Akasema, "Wallahi Gasper, nilikuona unapanda mahindi kwenye mbuga yangu ya mpunga, nikasema huyu amepewa siri na mpwa wake wa Ulaya, nani mimi nimwingilie?" Nikamwuliza, na wewe mbona ulipanda maharage chini ya mikorosho, mahali ambapo mimi nilishindwa? Akasema aliniona nimenyamaza, akajua nina sababu. Ndivyo tulivyo. Wazee wawili tunaheshimiana mpaka tunalala njaa.

Nikamwomba shamba. Nilijiandaa kwa maneno marefu. Nurdin akasema, "Shamba lako liko palepale. Sijakata hata tawi. Nilimwambia Rukaiya tusiguse mti, mwenye shamba yuko kwenye theluji na hajaliona hili kwa macho yake." Nililia, mwanangu. Nakwambia ukweli, nililia mbele ya mke wa mtu. Na yeye magoti yake ndiyo yale, anarudi kwenye mteremko kwa ajili yangu! Nikamwambia upande wote unaopakana na nyumba yao alime yeye, mwaka hadi mwaka, na mpunga wa bondeni nitamsaidia kupanda na kuvuna maadamu miguu ninayo. Tumepeana mikono.

Sasa nikuambie lile ambalo sikusema. Hukuniuliza kwa nini nilikimbilia weusi. Ulidhani ni karanga. Karanga zilinichoma, ni kweli, maana dada yangu aliniachia shamba linalojaza ghala na mimi nikaona linafia mikononi mwangu. Lakini si hizo. Uliandika kwamba hujapata kuona udongo mzuri namna hiyo tangu uzaliwe. Nikajua hapo hurudi. Nikasema, nikimpatia mweusi hapa nyumbani, akija atasema kumbe na kwetu upo. Nilitaka ukirudi uwe na cha kurudia.

Shimo la bondeni limejifukia lenyewe. La kwa mama yako sijalifukia. Nimelizungushia miiba kwa ajili ya mbuzi. Sijui kwa nini, nimeshindwa tu kulifukia.

Asante kwa karatasi. Asante kwa kunikemea kwa adabu.

Mjomba wako,
Gasper

*

Brandon
30 Mei 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Mpe mzee Nurdin shikamoo yangu, na Rukaiya, na mwambie mkaza-mjomba nampigia magoti kwa majivu yake. Majivu yanapunguza uchachu kama chokaa ya huku inavyofanya. Amekuwa akilitibu shamba miaka yote bila kutuambia.

Barua yako niliisoma maabara. Mwalimu wangu akaniuliza nalia nini, nikamfasiria yote, mstari kwa mstari, hadi maharage ya Rukaiya. Aliniomba nirudie mahali pa mafiga. Halafu akaandika kitu.

Na mimi nina nililokuficha. Ile habari ya mwakani ilikuwa kazi. Walitaka nibaki hapa, niendelee na hizi chenozemu, miaka mingi, na nyumba. Nilishaanza kukubali. Kila nikianza barua ya kukwambia, naandika salamu, naandika theluji, halafu naishia hapo. Wewe ulikuwa unahangaika bondeni na mahindi ya njano ili nirudi, na mimi nilikuwa nachagua pazia.

Mjomba, huu wa Charles una watu wengi wa kuusoma. Umeshapimwa, umepewa jina, una ramani. Wetu wa uwanda wa Kitangari nani ameusoma kwa karibu, chini ya kila mkorosho, na kuwaambia wenye mashamba ni kiasi gani cha majivu au chokaa kinatosha? Nilimwambia mwalimu hivyo. Siku tatu baadaye akaniita, akasema niandike mpango. Nimeandika. Umekubaliwa. Kazi ya hapa amepewa mwenzangu, na nimempongeza kwa moyo mweupe. Huku nitakuwa narudi kupima na kumalizia kuandika, lakini utafiti wenyewe uko kwetu, miaka mitatu, na shimo la kwanza ni hilo ulilochimba wewe. Kwenye karatasi ya kuandikia sifa za udongo kuna mahali pa jina la aliyechimba. Nimeshaliandika: Gasper.

Si kwamba nilikuwa sina cha kurudia. Nilikuwa nimesahau kusema asante, na mtu asiyesema asante muda mrefu anaanza kudhani hana wa kumshukuru. Asante kwa kunilea. Asante kwa kulishika shamba la mama hata lilipokuumiza. Asante kwa kwenda kuomba ruhusa.

Natua Mtwara katikati ya Agosti. Shimo usilifukie.

Mpwa wako,
Veridiana

*

Kitangari
7 Julai 2024

Veridiana,

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako kanisani baada ya ibada, mbele ya watu, kwa sauti, kwa kuwa mimi mwenyewe sisikii. Kwaya ikaimba, ikayumba. Na mimi nikayumba, usimwambie mtu.

Jumamosi tulitembea mpaka wa shamba la mama yako, mimi na Nurdin na wazee, si kwa kulitoa bali kwa kulirudisha. Nurdin alitangulia, magoti yake na yote. Kila penye alama alisimama akalitaja jina la Sabina, nami nikaitikia. Baadaye Rukaiya na Lois walipika pilau ya mchele mweusi wa bondeni, akiba ya Nurdin ya mwaka jana. Mchele mweupe, nimekosea, udongo ndio mweusi. Tulikula tukashiba.

Majivu sasa ni vita. Kila nyumba Lois anapita na debe, hata kwa mchungaji. Watu wanauliza anayapeleka wapi, anajibu, "Kwa mpwa wetu."

Jina la udongo ukilitoa kwa kijiji, andika Kitangari, sitabishana na Warusi. Lakini shimo lenyewe sisi hapa tunaliita shimo la Sabina, na kila anayepita analiita hivyo.

Nimeliezekea makuti lisichomwe na jua. Ukuta nimeukwangua upya kwa panga mpaka umenyooka. Nimechonga na ngazi ya mti wa mkorosho uliokauka, nikaishusha ndani, nikapanda na kushuka kuijaribu. Inakushika vizuri. Nimeiacha humo.

Mjomba wako,
Gasper